Patasi ya kukwangua: jinsi ya kuinoa na kuitumia kwenye mashine ya kukereza

Fundi anakereza kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu. Nje kimeshakuwa duara safi, sasa anachimba ndani. Dakika za kwanza kazi inaenda vizuri. Baadaye kinachotoka ni vumbi tu, mashine inaanza kupiga kelele, na fundi anazidi kukandamiza patasi ili imalize. Ghafla patasi inanasa. Kinu kinapasuka vipande viwili, kimoja kinaruka ukutani. Kazi ya asubuhi nzima imepotea, na kama kipande kingeelekea usoni, hasara ingekuwa kubwa zaidi.

Mara nyingi ajali kama hii haitokani na mti mbaya wala mashine mbovu. Inatokana na patasi iliyokwisha makali na mtu aliyeendelea kuisukuma. Makala haya yanaeleza patasi ya kukwangua, ambayo wengine huiita kikwangulio: inavyokata, inavyonolewa na inavyoshikwa. Ukikumbuka jambo moja tu, kumbuka hili: kikwangulio kikali hutoa maranda, kikwangulio butu hutoa vumbi. Ukiona vumbi, zima mashine urudi kwenye jiwe.

Kikwangulio ni chombo gani

Kukereza ni kuuzungusha mti kwenye mashine na kuukata kwa patasi iliyotulia juu ya kiegemeo. Miguu ya vitanda na viti, nguzo za ngazi, bakuli, vinu na michi hutengenezwa hivyo.

Fundi wa kukereza huanza na bobari, ile patasi yenye bonde kama mfereji. Bobari huondoa mbao nyingi kwa haraka. Kikwangulio huja baadaye, kusawazisha mawimbi yaliyoachwa na bobari au kufika mahali ambapo bobari haiingii vizuri, kama ndani ya kinu.

Kwa umbo, kikwangulio ni bapa la chuma, upande wa juu tambarare, na ncha imekatwa kwa mshazari. Kwa kazi ndogo unene wa milimita 6 unatosha. Kwa kuchimba ndani, ambako ncha hukaa mbali na kiegemeo, bapa la milimita 8 hadi 10 ni bora kwa sababu halitetemeki. Ncha ya mviringo ni ya kuchimba ndani. Ncha iliyonyooka ni ya sehemu tambarare na za nje.

Makali yake yako wapi

Hapa ndipo wengi hukosea. Kisu cha jikoni hunolewa kiwe chembamba, lakini kikwangulio ni kinene hata kwenye ncha. Pembe kati ya upande wa juu na mshazari ni kati ya nyuzi 70 na 80, karibu sawa na kona ya daftari. Kitu kinene namna hiyo kinakataje?

Unapokinoa, jiwe husukuma chuma kidogo sana kuelekea juu. Chuma hicho hujikunja ukingoni na kufanya kikunjo chembamba, kama ndoano ndogo isiyoonekana vizuri kwa macho. Kikunjo hicho ndicho kinachokata. Kikiwepo, kinachuna mti na kutoa maranda membamba. Kikiisha, ncha inasugua mti tu.

Ili kujua kama kipo, weka kidole gumba juu ya bapa, kisha kivute polepole kuelekea nje ya ncha. Ukihisi kitu kinakikwaruza kidole, kikunjo kipo. Kidole kikiteleza bila kukutana na kitu, patasi inahitaji kunolewa. Usipitishe kidole kwa kufuata urefu wa makali, utajikata.

Kikunjo hakidumu. Kwenye mti mgumu kinaweza kuisha ndani ya dakika chache tu. Kwa hiyo kurudi kwenye jiwe mara kwa mara ni sehemu ya kazi na si dalili ya ugeni.

Chuma kipi kinafaa

Patasi nyingi za dukani siku hizi zimepigwa muhuri wa herufi HSS. Chuma hiki huvumilia joto la kunoa bila kulegea na hukaa na makali muda mrefu. Kikipata moto kwenye jiwe, kiache kipoe chenyewe. Kukitumbukiza majini kikiwa moto sana kunaweza kukitia nyufa ndogo.

Patasi za zamani na nyingi za kutengenezwa kienyeji ni za chuma cha kawaida cha kaboni. Hicho kina tabia tofauti: kikipata joto hadi rangi ya bluu itokee ukingoni, ugumu wake umeondoka na makali hayatakaa tena mpaka sehemu hiyo iondolewe. Chuma cha kaboni kichovye majini kila baada ya sekunde chache, kabla hakijabadilika rangi.

Mafundi wengi hutengeneza patasi kwa springi ya gari. Chuma hicho huvumilia mshtuko bila kuvunjika upesi, ingawa makali yake hayadumu kama ya HSS.

Tahadhari kubwa ni juu ya tupa la zamani. Linavutia kwa sababu ni gumu na halina gharama, lakini ugumu wake ni ule wa kuvunjika ghafla kama chupa. Patasi ikinasa, tupa linaweza kukatika pale linapokaa juu ya kiegemeo na kipande kikaruka. Usilitumie kama kikwangulio.

Kunoa hatua kwa hatua

Unahitaji mashine ya kunolea yenye jiwe la kuzunguka na kiegemeo cha kulazia patasi. Jiwe la chembe namba 80 linatosha kwa kunoa kila siku. La namba 36 au 46 ni la kubadili umbo la ncha tu.

1. Kagua jiwe kabla ya kulifunga. Liache lining'inie kidoleni au kwenye kijiti, kisha ligonge taratibu kwa mpini wa mbao. Jiwe zima hutoa mlio safi. Likitoa sauti iliyokufa, kama chungu chenye ufa, lina ufa, usilitumie. Unapowasha mashine, simama pembeni kwa muda na wala si mbele ya jiwe.

2. Vaa miwani ya kinga. Usivae glavu karibu na jiwe linalozunguka.

3. Weka kiegemeo karibu na jiwe, nafasi isizidi milimita 3, ili ncha isivutwe katikati.

4. Pata pembe. Kama huna kipimo, tumia karatasi. Kona ya karatasi ni nyuzi 90. Ikunje sehemu 3 zilizo sawa, kila moja ni nyuzi 30. Kisha ikunje nusu, upate nyuzi 15. Ukiifungua, mstari wa kwanza kutoka ukingoni unakuachia nyuzi 75 upande wa pili. Kata hapo na utumie karatasi hiyo kulinganisha mshazari wa patasi yako.

5. Paka mshazari rangi kwa kalamu ya wino mzito. Mashine ikiwa imezimwa, laza patasi juu ya kiegemeo, uso tambarare ukiwa juu, igusishe kwenye jiwe na ulizungushe jiwe kwa mkono. Wino ukifutika juu tu au chini tu, rekebisha kiegemeo. Ukifutika mshazari wote, pembe imekaa.

6. Washa mashine. Gusa jiwe kwa wepesi na uhamishe patasi kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kusimama. Kwa ncha ya mviringo, zungusha mpini kama mkono wa saa, ncha ibaki imelala juu ya kiegemeo.

7. Cheche zikianza kuruka juu ya uso wa patasi na sio chini yake tu, jiwe limefika ukingoni. Acha hapo. Pima kikunjo kwa kidole gumba. Kama kipo upana wote, umemaliza.

Kama patasi ina umbo sahihi, kazi hii haichukui hata dakika moja. Mafundi wengine huahirisha kunoa wakiogopa kwamba jiwe litaimaliza patasi. Ni kweli jiwe linakula chuma, lakini kinacholiwa kwa mguso mwepesi ni kidogo mno. Kinachomaliza patasi ni kusubiri mpaka iwe butu kabisa, kisha kuikandamiza kwenye jiwe kwa hasira mpaka igeuke bluu.

Kama huna umeme

Jiwe la kuzungushwa kwa mkono hufanya kazi hii vizuri, na kwa sababu linaenda polepole halichomi chuma haraka. Unahitaji mtu wa pili wa kuzungusha, ili wewe ushike patasi kwa mikono miwili.

Yule mnoa visu anayepita mitaani na jiwe lililofungwa kwenye baiskeli anaweza kukusaidia pia. Mweleze mapema kwamba hutaki makali membamba kama ya kisu, na umpe karatasi yako ya nyuzi 75. Akiinoa kama kisu, patasi itanasa kwenye mti na inaweza kukuumiza.

Kati ya kunoa na kunoa, unaweza kurudisha kikunjo kwa jiwe bapa la mkono. Kwanza sugua uso wa juu ukiwa umelala kabisa juu ya jiwe, ili kikunjo cha zamani kiondoke. Kisha sugua mshazari kwa kusukuma kuelekea juu mara kadhaa. Kikunjo kitakachopatikana ni kidogo kuliko cha mashine, ila kwa kumalizia kazi ni kizuri, kwani huacha uso laini.

Kukitumia kwenye mti

Kabla ya kuwasha mashine, sogeza kiegemeo karibu na mti, nafasi ya milimita 3 hadi 6, ukazungushe mti kwa mkono mzunguko mzima uone kama haugusi popote. Kila unapoondoa mbao nyingi, zima mashine, sogeza kiegemeo tena. Ncha inavyozidi kuwa mbali na kiegemeo ndivyo inavyokuwa rahisi kunasa, kama mzigo uliofungwa mwisho wa mti mrefu.

Laza patasi bapa juu ya kiegemeo. Mpini uwe juu kidogo kuliko ncha, ncha ielekee chini kidogo. Hii ni sheria isiyo na msamaha. Ukiushusha mpini na ncha ikaelekea juu, mti unaoteremka utakutana na makali uso kwa uso, uyavute ndani, na patasi inase.

Mkono mmoja ushike mpini karibu na mwili wako. Mwingine ukae juu ya patasi karibu na kiegemeo, ukiibana chini. Gusisha sehemu ndogo tu ya makali, si upana wote kwa mara moja. Sogea polepole kwa mwili wote badala ya kunyoosha mikono. Usisukume. Patasi iliyonolewa haihitaji nguvu, inahitaji kuongozwa tu.

Urefu wa makali kutoka katikati ya mzunguko una maana yake. Unapokwangua nje ya kipande, makali yawe usawa wa katikati au chini yake kidogo. Unapokwangua ndani ya bakuli au kinu, yawe usawa wa katikati au juu yake kidogo. Kwa njia hiyo, ikitokea mti ukaisukuma ncha chini, itaangukia penye nafasi na haitazama ndani ya mti.

Kinu na bakuli havifanani

Kinu kidogo kwa kawaida hukerezwa kutoka gogo lililosimama, nyuzi za mti zikielekea chini hadi kitako. Hapo chimba kuanzia katikati kuja nje ukingoni. Ukienda hivyo, kila uzi unaokatwa unakuwa na mwenzake nyuma wa kuushikilia, na uso unatoka laini.

Bakuli mara nyingi hukatwa kutoka ubao, nyuzi zikiwa zimelala. Hapo fanya kinyume: ndani, anzia ukingoni kwenda katikati. Hata hivyo utaona sehemu mbili zinazotazamana zimebaki na mikwaruzo, kwa sababu hapo patasi inakutana na vichwa vya nyuzi. Usikandamize. Noa upya, kisha pita mara moja kwa wepesi mno.

Miti laini kama msonobari huchanika kwa urahisi chini ya kikwangulio. Ni afadhali kuimaliza kwa bobari kali. Kikwangulio huonyesha ubora wake kwenye miti migumu na mizito, na kwa Afrika Mashariki hakuna mfano ulio wazi kuliko mpingo. Mbao zake ni nzito kiasi cha kuzama majini, na ndizo zinazotengeneza klarineti na obo, vyombo vya muziki vya kupuliza.

Kwa mti mgumu namna hiyo, mafundi wengi hunoa kikwangulio pande zote mbili: mshazari wa chini, na mwingine mdogo upande wa juu. Chombo hicho hushikwa bila kuinua mpini, kikiwa kimelala sawasawa. Hakinasi kirahisi na huacha uso unaohitaji msasa kidogo tu. Ubaya wake ni kwamba kikunjo chake kinaisha haraka zaidi, kwa hiyo kitumie kumalizia, usichimbie.

Kasi ya mashine

Chukua kipenyo cha kipande kwa sentimita, uzidishe kwa idadi ya mizunguko kwa dakika. Kwa kipande kilichokaa sawa, jibu liwe kati ya 15,000 na 23,000. Bakuli la sentimita 20 litaenda mizunguko 750 hadi 1,150. Bakuli la sentimita 30 litaenda 500 hadi 760. Gogo ambalo bado halijawa duara lianze chini ya hapo. Lenye ufa au kifundo kilicholegea lisifungwe kabisa. Mashine ikitikisika, punguza kasi, usiishikilie kwa mwili.

Macho, mapafu na nguo

Miwani ya kinga ni ya lazima, na kwa bakuli au kinu ngao ya kufunika uso mzima ni bora. Funga mikono ya shati, vua mikufu, funga nywele, na usikae kwenye mashine ukiwa na kanga au kikoi kinachoning'inia.

Vumbi nalo lisidharauliwe. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake. Vumbi la mpingo na jamii yake pia huwasha ngozi na kusumbua kifua kwa baadhi ya watu. Fanya kazi mahali penye hewa, vaa barakoa inayokaza usoni, na usifagie vumbi likiwa kavu, linyunyizie maji kwanza. Kikwangulio kikali kinasaidia hapa pia. Maranda huanguka miguuni, vumbi jepesi huelea na kuingia puani. Tena uso uliokwanguliwa vizuri hauhitaji msasa mwingi, na msasa ndio unaotoa vumbi jingi kuliko yote.

Soma dalili za kazi yako

Vumbi badala ya maranda: kikunjo kimeisha. Noa.

Mlio mkali na mistari kama mawimbi juu ya mti: ncha iko mbali na kiegemeo, bapa ni jembamba, au umegusisha makali mapana mno. Sogeza kiegemeo, punguza mguso.

Patasi inavutwa ndani: mpini uko chini, au urefu wa makali si sahihi. Zima mashine na uanze upya kupanga.

Nyuzi zimechanika: makali ni butu au unakwenda kinyume cha nyuzi. Noa, geuza mwelekeo.

Patasi ni moto mkononi: unasugua, hukati.

Msikilizaji, mashine ya kukereza huongea. Patasi ikiwa kali, sauti yake ni ya mchapuko mwororo, kama karatasi inayopasuliwa polepole. Ikianza kulia au kukoroma, usiongeze nguvu. Zima, subiri mti usimame kabisa, kisha nenda kwenye jiwe. Dakika moja pale ni rahisi kuliko kutafuta gogo jingine, na ni rahisi zaidi kuliko safari ya zahanati.